Glavu haikulindi kwenye mkanda unaozunguka

Mafundi wengi wa mashine za kusaga nafaka huamini kwamba ukivaa glavu nene ya ngozi unaweza kuugusa mkanda unaounganisha mota na mashine ukizunguka, uone kama umekaza. Si kweli, na hapo glavu huzidisha hatari. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, yenye puli (gurudumu linalovuta mkanda) ya kipenyo cha milimita 100, huvuta mkanda karibu mita 7.6 kila sekunde. Mtu huchukua takriban robo sekunde kuanza kurudisha mkono. Mkanda umeshapita karibu mita 2. Glavu hunaswa pale mkanda unapoingia kwenye puli, na kwa kuwa ngozi nene haichaniki upesi, huburuta vidole vyote pamoja nayo. Mkono mtupu nao hauna kazi pale.

Zima swichi kuu ya ukutani, uifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako mwenyewe. Subiri hadi nyundo za ndani zinazoponda nafaka zisimame kabisa, maana umeme ukikatwa bado huzunguka kwa uzito wake. Bonyeza kitufe cha kuwashia: mashine isipowaka, fungua kava lake. Sasa vaa glavu, kwa sababu kingo za chekeche la ndani lililochakaa hukata kama wembe.