Kanisa la sebuleni: wanayosema watu na vile ilivyo

Kwanza niseme, mi si pasta wala mke wa pasta. Mume wangu afanya kazi bandarini kwa shifti, mimi nashona nguo hapa hapa ploti, na huu ni mwaka wa 6 kila Jumanne saa moja usiku sebule yetu hapa Mikindani, au ya mwenzetu ikiwa zamu yake, yageuka kanisa. Watu 9, siku nyingine 13, siku ya mvua ni sisi na yule mama wa mlango wa pili basi. Tulianza kwa sababu ya kazi tu, wala si maono. Ukiangalia hapa Mombasa Jumapili nani yuko off? Wa bandarini ana shifti, wa hoteli za Bamburi ndio siku ya wageni, wa tuktuk ndio siku ya pesa, wa gengeni hafungi. Watu wanakaa miezi hawajakanyaga kanisani na si kwamba wameasi, ni kazi. Sasa katika hii miaka nshasikia maneno mengi juu yetu, mengine ya uongo kabisa, mengine yana ukweli kidogo ndani yake, nataka niyaseme.

"Hilo si kanisa, kanisa lina kengele"

Hili ndilo la kwanza kila mara, na huletwa na wakristo wenyewe. Ukweli ni kwamba lile neno la Kigiriki kwenye Agano Jipya, ekklesia, ni watu waliokusanyika, jengo halimo. Fungua Warumi 16 umwone Paulo akisalimia Priska na Akila pamoja na kanisa la nyumbani kwao, na hao wawili kazi yao ilikua kushona mahema (iko Matendo 18), yani mafundi wenzangu, nikisoma hapo huwa naangalia cherehani yangu nacheka. Nimfa kule Laodikia, kanisa nyumbani kwake. Filemoni vilevile. Lidia wa Filipi alikua akiuza nguo za zambarau, we mfikirie mama wa leso pale Biashara Street, akaamini yeye na nyumba yake akawashika kina Paulo akawambia lazima mfikie kwangu, na walipotoka jela walirudi kwake kuonana na ndugu.

Na si maandiko peke yake. Kule Syria, mji wa zamani waitwa Dura-Europos kando ya mto Frati, miaka ya 1930 wachimbaji walifukua nyumba ya kawaida tu ya mtu, ndani ukuta wa kati ya vyumba viwili umebomolewa ili watu waenee, na chumba kingine kimejengewa birika la kubatizia na michoro ukutani. Huo mji ulitekwa mwaka 256 hivi, kwa hivyo hiyo nyumba ni ya kabla ya hapo, kabla hata ya ile amri ya 313 iliyowapa wakristo wa Dola ya Rumi uhuru. Sasa mtu ananambia hii ni fasheni ya juzi.

Hata hapa kwetu. Mmishonari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akazika mkewe na mtoto mchanga huko upande wa bara, Nyali. Jengo la kanisa la kuingia halikuwepo, ilikua ni nyumba na Biblia na mazungumzo. 1846 wakaanza kituo cha Rabai yeye na mmishonari mwenzake Rebmann. Memorial Cathedral hiyo tunayopita mjini ni ya 1905. Hesabu mwenyewe.

Alafu wakatoliki wanatushangaa tunavyojitetea, manake wao jumuiya ndogo ndogo wanazo tangu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki walikaa wakaamua ndio njia, na leo ukiingia Changamwe au Chaani jioni utakuta watu na viti vya plastiki wanaenda nyumba ya fulani leo ni zamu yake. Na ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaingia Kenya, ulitembea nyumba kwa nyumba, watu wameketi wanaungama dhambi zao wakinywa chai. Kwa hivyo sisi hatujavumbua kitu.

"Mwajificha nini? Si ndio Shakahola hiyo"

Hapa sicheki. Tangu Aprili 2023 ukisema "tunakutana nyumbani kuomba" watu wanakuangalia vingine, na wana haki. Shakahola si mbali na sisi, ni Kilifi hapo, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja aliyewaambia wafunge mpaka wafe ilifukuliwa kwenye ule msitu, watoto wakiwemo. Mtu akiniuliza swali hilo simwambii "acha kuhukumu", namwambia karibu uketi uone, na kama jirani yako ana kikundi ambacho huwezi kuambiwa hivyo basi uliza zaidi.

Lakini kuna kosa moja kwenye hiyo hofu. Watu wanadhani hatari iko kwenye udogo, ati kikundi kikiwa kidogo ndio kinaharibika. Angalia kilichokuwa Shakahola: watu wameuza vitu vyao wameondoka kwao, wako msituni, watoto wametolewa shule, hospitali imekatazwa, jamaa akija kuuliza dadake yuko wapi hapewi jibu, na mtu mmoja ndie anajua Mungu amesema nini. Hivyo vitu vinaweza kuwa ndani ya kikundi cha watu 8 na vinaweza kuwa ndani ya kanisa la viti elfu mbili lenye skrini. Udogo si ishara. Ishara ni mlango.

Na sisi mlango hatuna hata namna ya kuufunga bana, joto la Mombasa unalijua, ukifunga mlango na watu 13 ndani mtatoka mmeiva. Ni pazia tu, na pazia lenyewe pangaboi lalipeperusha. Mpangaji akienda chooni atupita, asikia kila kitu. Mtoto wa jirani akinusa mahamri yuko ndani tayari. Pasta wa kanisa letu la Jumapili ajua tuko, ashakuja mara nyingi, na mzee wa mtaa tulimwambia siku ya kwanza kabisa. Dada mmoja kwetu ana presha, tukimwombea tunamuuliza na dawa umemeza? Hilo ni swali la kawaida kwetu kama vile kuuliza mtoto amekula.

La sheria pia, kwa sababu hapo watu wanakosea pande zote mbili. Wako wasemao kukutana nyumbani bila kibali ni haramu, si kweli, Katiba ya 2010 Ibara ya 32 yasema mtu anaweza kuabudu peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani. Na wako wasemao basi hakuna sheria inayotuhusu, hiyo pia hapana, Sheria ya Vyama inahesabu chama kuanzia watu 10, kwa hivyo kikundi kikikua na hakiko chini ya kanisa lililosajiliwa ni vizuri kwenda kuuliza kwa Msajili mapema kuliko kungoja kuulizwa.

"Kushiriki imani ni kuhubiria majirani"

Huyu jini ni wa Mombasa hasa. Sisi tumekulia kwenye mihadhara, uwanjani meza mbili, mkristo na Biblia yake na Muislamu na vitabu vyake, umati unashangilia kama mpira, na nikisema ukweli wangu mimi sijawahi kuona mtu akitoka pale amependa jirani yake zaidi ya alivyokuja. Kwa hivyo watu wakisikia kanisa la nyumbani kwenye ploti ya dini mbili wanadhani tunapanga vita.

Na kosa tulilifanya sisi wenyewe mwanzo, wacha niseme. Mwezi wa tatu tulinunua spika. Chumba futi 12 kwa 12 na spika! Tukaielekeza mlangoni ati neno liwafikie. Jumanne ya pili akaja jirani yangu, mama Muislamu, amembeba mtoto wa wiki tatu, hakugombana wala nini, akasema tu "mamangu, huyu hajalala." Ningeona afadhali angetukana. Kenya kuna kanuni za kelele tangu 2009 na NEMA, wale wa serikali wa mazingira, wangeweza kutujia, lakini haikua mambo ya NEMA, yule mtoto alikua hajalala. Spika tuliiuza.

Baada ya hapo ndio tukasoma vizuri 1 Petro 3:15 ambayo tulikua tukiitumia kama fimbo. Yasema muwe tayari kumjibu kila mtu *awaulizaye* habari za tumaini lenu, kwa upole na kwa hofu. Awaulizaye! Yani kuna mtu ameuliza kwanza, na ili aulize lazima ameona kitu.

Huyohuyo jirani aliuliza, mwaka mzima baadae. Mume wangu na nduguye walikua hawasalimiani miaka miwili kwa sababu ya shamba la marehemu baba yao, kila mtu ploti hii alijua, na Jumanne moja kwenye maombi mume wangu akasema imemchosha, wenzetu hawakumpa mahubiri, mmoja akamuuliza nauli ya kwenda kwa nduguyo ni pesa ngapi. Akaenda. Idd ilipofika jirani akawaona wanakula pamoja hapa barazani, akaniuliza huku tukianua nguo, "kwani mlifanyaje?" Nikamwambia yote, na Yesu yumo ndani ya hayo maneno sikumficha, ilichukua muda wa kukunja nguo za beseni moja. Yeye ni Muislamu mpaka leo, Ramadhani futari yake yaja kwangu na sahani hairudi tupu, mimi namwombea na yeye ashaniambia wazi aniombea. Adhana ya isha ikiingia katikati ya maombi yetu tunanyamaza kidogo kisha tunaendelea.

"Kukaribisha ni kwa wenye uwezo"

Hili si la uongo kabisa, sisi wenyewe tulilifanya liwe kweli kwa muda. Tulianza kwa zamu, kila wiki nyumba ya mtu. Wiki ya kwanza chai na mkate, wiki ya pili mwenye nyumba akaweka viazi karai, ya tatu ikawa biriani, ya nne mtu akaleta soda kreti nzima, na ilipofika zamu ya dada mmoja afuaye nguo za watu akasema yu safarini. Zamu iliyofuata tena safarini. Tukamkuta sokoni Kongowea yuko tu, na macho akainamisha. Hakuna mtu alimwambia apike biriani lakini sote tulimwambia kwa sahani zetu, tena bila kufungua mdomo, na hiyo ndio mbaya zaidi.

Sasa sheria ni moja, chai ya rangi na mahamri, mahamri mawili kila mtu, mwenye hela na asiye nazo sawasawa, na ukileta kuku utamla na watoto wako tukishaondoka. Yule dada alirudi. Chumba chake ni kidogo kuliko vyote, tunakaa kitandani wanne, wengine mkekani, na ndiko watu wanaongea zaidi, sijui kwa nini.

Mengine ya haraka haraka

Ati lazima awepo aliyesomea theolojia. Msomi akiwepo asante, na swali likitushinda tunalipeleka kwa pasta Jumapili, lakini kazi yetu kubwa ni kusoma pole pole na kuuliza hii yanihusu vipi kesho kazini. Mzee wetu mmoja hajui kusoma, asomewa mara mbili, na ndie akumbukaye mistari.

Ati watoto ni usumbufu wapelekwe nje. Soma Matendo 20 uone Paulo alivyoongea mpaka usiku wa manane na kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hiyo ilikua ni mkutano wa chumbani. Kwa hivyo sisi tukikaa muda wa saa moja na nusu tumemaliza, na anayesinzia mwacheni, ametoka shifti ya usiku.

Ati nyumbani ndiko pesa zinaliwa. Zinaweza, ndio, popote zinaweza. Kwetu daftari laandikwa na mtu mmoja, simu ya M-Pesa iko kwa mwingine, na kila mwisho wa mwezi yasomwa kwa sauti pazia likiwa wazi.

"Miaka sita na bado mko watu kumi? Hamkui"

Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikua Mringe, mlemavu, mgonjwa wa kufa, na ilikua 1851. Toka Krapf atie mguu Mombasa ni miaka 7, mtu mmoja, na hakuishi. Ukiiangalia kwa hesabu za leo hiyo kazi ingefungwa.

Na sisi tumekua, ila haionekani sebuleni kwangu manake haiwezi kuonekana, chumba ni futi 12. Mwaka juzi familia mbili zilihamia Likoni, mwanzo walijaribu kuvuka feri kila Jumanne, na mwenye kuijua foleni ya feri ya jioni ajua hiyo haifiki mbali. Wakaanza yao hukohuko, sasa wako 11, na wawili wao sijawahi kuwaona. Walipoondoka tuliwapa ile mikeka miwili, na birika letu kubwa la chai wakaenda nalo kwa kuazima, mpaka leo hawajarudisha.