Tovuti Nayo Huuliziwa kwa Majirani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuja maktabani kwetu, Chake Chake, Pemba, na insha yake ya karafuu. Sentensi ya mwanzo ilisema Zanzibar inaongoza duniani kwa kuzalisha zao hilo. Nilipomuuliza kaipata wapi, akanionesha kwenye simu: tovuti ya watembeza watalii, picha safi za mikarafuu, maandishi yasiyo na kosa hata moja. Sentensi ile ilikuwa kweli zama za babu wa babu yake. Kwa miaka mingi sasa anayeongoza ni Indonesia, tena kwa mbali, na karafuu zake nyingi huishia ndani ya sigara zao za kretek. Tovuti za utalii hunakiliana, na anayenakili harudi kusahihisha. Pemba haikutajwa hata mara moja, ilhali tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku kwetu.

Kijana yule hakuwa mvivu. Alifanya tulichomfundisha sisi wenyewe: tazama kama ukurasa umepangika, kama una tarehe, kama anuani inaishia na .org, kama kuna alama ya kufuli. Mafunzo hayo nimeyatoa miaka kadhaa, na leo nayaona yana kasoro kubwa. Anuani ya .org hupewa yeyote anayelipia. Kufuli maana yake ni kwamba mnachopelekeana wewe na tovuti hakisomwi na mtu njiani. Aliyeko upande wa pili anaweza kuwa tapeli, na kufuli lake analo. Afadhali .go.tz na .ac.tz, ambazo hutengewa taasisi za serikali na za elimu. Hapo napo ni lazima jina la tovuti lenyewe liishie hivyo. Zile linki za "nafasi za ajira SMZ", yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zinazozagaa kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi huweka go na tz katikati, kisha zikamalizia na .com.

Sasa nafundisha kwa mfano wa posa. Posa ikiletwa nyumbani, wazee hawakai kumkagua kijana kanzu yake na kofia yake, wala hawaishii kuwauliza wajomba zake waliomleta, maana hao watamsifu tu. Hutumwa mtu mtaani kwao akaulizie: anaswali wapi, kazi yake nini, majirani wanamsemaje. Tovuti ni hivyo hivyo. Ukurasa wa "Kuhusu Sisi" ni wajomba.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza jinsi walivyowatazama watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakisoma juu mpaka chini, na wengi walidanganyika na nembo na majina mazito. Wahakiki walitazama kidogo tu, wakatoka, wakafungua kurasa nyengine kuuliza: huyu ni nani, nani anamlipa, wengine wanasemaje juu yake? Walifikia jibu haraka zaidi, na kwa usahihi zaidi.

Darasani huanza na pweza. Tangu 1998 kuna tovuti ya mzaha inayoeleza pweza anayeishi juu ya miti katika misitu ya Marekani, yumo hatarini kutoweka, ahurumiwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwaonesha wanafunzi wa darasa la saba, na karibu wote wakaamini. Watoto wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, hucheka, pweza wanamjua. Basi hapo hapo nawapa ukurasa unaouza mwani wa kutibu kila maradhi, na kicheko hupungua, ingawa mwani nao uko nyumbani kwao. Kulijua jambo kunasaidia, lakini tamaa na khofu hukipofua hata unachokijua.

Walimu huniambia, "Bando liko wapi la kufungua kurasa tano?" Swali la haki. Lakini si lazima kufungua. Andika jina la tovuti kwenye kitafutio, soma mistari miwili mitatu iliyo chini ya kila jibu, ruka yaliyowekewa alama ya tangazo, na mara nyingi utakuwa umeshajua mwenye tovuti ni nani. Wikipedia, ambayo skuli nyingi huikataza, kwa kazi hii inafaa sana. Vyanzo vilivyoorodheshwa chini kabisa ya makala yake ndivyo vya kufuatwa.

Zoezi ninalolipenda ni vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipopiga mizinga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar. Tovuti moja husema vilidumu dakika 38, nyengine 40, nyengine 45. Siwaulizi ipi sahihi. Nawauliza kila mmoja alianza kuhesabu wapi, akasita wapi: mzinga wa kwanza, baada tu ya saa 3 asubuhi, mpaka bendera kuanguka, au mpaka mizinga kunyamaza? Mara ya mwisho walibishana mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na hakuna aliyenyanyuka.