Nyumba imefaulu asilimia 1, mbona inakula mfukoni?

Unatafuta nyumba ya kununua uipangishe, na dalali akikuletea kumi kwa mpigo, huwezi kuzipigia zote hesabu kamili. Hapo ndipo kanuni za haraka zinapofaa, lakini ni chujio tu, usinunulie nyumba kwa kanuni.

Inayotajwa zaidi ni ya asilimia 1: kodi ya pango ya mwezi isipungue asilimia 1 ya gharama ya nyumba. Gharama, si bei. Nyumba ya milioni 90 inayodai ukarabati wa milioni 10 ni nyumba ya milioni 100, kwa hiyo kodi inatakiwa ifike milioni 1. Na uchukue kodi inayolipwa kweli na wapangaji wa jirani. Anayoitaja muuzaji iache hapohapo alipoitaja.

Ya pili ni ya asilimia 50: nusu ya kodi itaishia kwenye matengenezo, bima, kodi ya jengo, usimamizi na miezi nyumba ikiwa tupu. Rejesho la mkopo halimo. Mwezi mmoja tu bila mpangaji unakula kama asilimia 8 ya mapato ya mwaka. Kwenye nyumba za kodi ndogo nusu haitoshi, maana pampu ya maji ikiungua bei yake ni ileile, mpangaji alipe nyingi au kidogo.

Ukiziunganisha kanuni hizi kwa nyumba ile ya milioni 100, unabaki na 500,000 kwa mwezi kabla ya mkopo. Sasa kopa milioni 80 kwa riba ya asilimia 6, miaka 30: rejesho ni takriban 480,000, unabakiwa na 20,000. Kopa hizohizo kwa asilimia 12, miaka 20: rejesho linafika kama 881,000. Nyumba ileile, kodi ileile, na kila mwezi unachomoa 381,000 zako kuifidia. Asilimia 1 imezoeleka kwa wawekezaji wa Marekani, ambako mikopo ya nyumba ya miaka 30 yenye riba isiyobadilika ni ya kawaida. Riba ikibadilika, asilimia hiyo nayo haina budi kubadilika.

Mimi huanzia kwenye rejesho. Nusu ya kodi lazima izidi rejesho kwa robo walau. Kwa mkopo ule wa asilimia 12, kodi ingetakiwa iwe kama milioni 2.2, yaani asilimia 2.2 ya gharama. Soko likikataa kulipa hiyo, kinachopungua ni mkopo: kwa kodi ya milioni 1, usivuke milioni 36.