Tapu na dai za gari la nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukifuga gari Mtwara, umefuga na kutu. Upepo wa chumvi hauchagui. Gari linalolala Shangani au Mikindani, bolti zake za egzosi hugeuka rangi ya udongo mwekundu kabla mwenyewe hajajua kinachoendelea kule chini. Ndiyo maana sisi tunaopenda kujilaza wenyewe chini ya gari siku ya Jumapili, mapema tu hujikuta tunatafuta boksi la tapu na dai. Tapu ni kile kijiti cha chuma chenye meno kinachochonga thredi, yaani meno ya bolti, ndani ya tundu. Dai ni kile kiduara kinachochonga thredi juu ya bolti. Vifaa ni viwili tu, lakini maneno yanayovizunguka ni mengi, na mengine nimeyalipia kwa fedha yangu.

"Boksi lenye vipande vingi ndilo boksi zuri"

Hili ndilo lililoniponza. Boksi langu la kwanza nililinunua kwa kuhesabu vipande. Lilikuwa na saizi 3, 4, 5 na 7, mrundo wa vijiti ambavyo hadi leo vinang'aa kwa sababu havijawahi kugusa gari. Saizi 10 na 12 zilikuwemo, ila za pichi moja tu, ile ya kawaida ya madukani. Siku niliyotaka kusafisha tundu la bolti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwenye Toyota ndipo nilipojua nimenunua boksi la fundi madirisha.

Soma kilichoandikwa shingoni mwa tapu. M10x1.25 maana yake ni hii: M ni mfumo wa milimita, 10 ni unene wa bolti, na 1.25 ndiyo pichi, yaani umbali kutoka jino hadi jino linalofuata. Pichi ya kawaida ya bolti namba 10 ni 1.5, na ya namba 12 ni 1.75. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, mara nyingi hutumia 1.25 kwa zote mbili. Boksi lisilokuwa na 10x1.25 na 12x1.25 halikusaidii, hata kama lina vipande 60.

Kwa kazi nyingi za nyumbani kwenye gari la Kijapani, mimi ningeanza na tano: 6x1.0, 8x1.25, 10x1.25, 12x1.25 na 12x1.5. Nyingine utaongeza kazi ikikuita. Nati za mabomba ya breki, kwa mfano, mara nyingi ni 10x1.0. Plagi ziko za 14x1.25 na za 12x1.25, na kwenye pikipiki utakuta hata za 10x1.0.

"Nati ikianza kuingia, basi ndiyo yake"

Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, ukitokea Lindi, nilimkuta kijana ametia bomba refu kwenye spana ya gurudumu na analining'inia kwa mwili mzima.

"Mdogo wangu, hiyo nati umeitoa wapi?"

"Kuna jamaa kaniazima, kaka. Imeingia vizuri tu, ila hapa mwishoni ndiyo inakaza."

Jamaa alikuwa na Toyota. Gari la kijana lilikuwa Nissan. Nati za magurudumu za Toyota ndogo ni 12x1.5, na za Nissan na Suzuki nyingi ni 12x1.25. Unene ni uleule, kwa hiyo nati inaanza kuzunguka kwa vidole bila kinyongo. Lakini kila jino linapishana na mwenzake kwa robo milimita, na ukifika jino la nne umeshapotea milimita nzima. Hapo ndipo inapokaza, na ukiilazimisha unaua nati pamoja na stadi, ile bolti ya gurudumu inayofungwa nati.

Iko geji ya pichi, kile kifurushi cha visahani vya chuma vyenye meno, na bei yake ni ndogo. Usipokuwa nayo, chukua rula ya shule na upime nafasi kumi za meno. Zikiwa na milimita 12 na nusu, pichi ni 1.25. Zikiwa na 15, ni 1.5.

Na stadi ya gurudumu iliyokwisha kuliwa meno isipelekwe kwenye dai kabisa. Thredi za stadi hutengenezwa kiwandani kwa kufinyangwa chini ya mgandamizo, hazikatwi, na ndiyo sehemu ya nguvu yake. Dai inakata. Kuondoa kutu kidogo ni sawa, lakini kuchonga upya meno yaliyokufa kwenye kitu kinachoshikilia gurudumu hapana. Nunua stadi mpya.

"Tapu ya kuchonga ndiyo hiyohiyo ya kusafisha"

Kazi yetu kubwa huku pwani ni kusafisha kutu na mchanga kwenye thredi za zamani. Thredi mpya ni nadra kuchonga. Tapu ya kawaida haijui tofauti hiyo, kwayo chuma ni chuma. Ukiipitisha kila mara kwenye tundu ambalo meno yake ni mazima, hasa la aluminiamu, inaondoka na vumbi lake kidogo, na siku moja bolti inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ziko zinazotengenezwa kwa ajili ya kusafisha tu, butu kidogo, zinazorudisha meno mahali pake bila kuyala.

Usipozipata, uko ujanja wa gereji ambao mimi nauheshimu kuliko maboksi mengi. Tafuta bolti nzima ya saizi na pichi ileile, ichonge mifereji miwili au mitatu kwa msumeno wa chuma kutoka ncha kwenda juu, piga tupa kwenye kingo, kisha iingize kwa mkono na mafuta. Uchafu unakaa kwenye mifereji. Nimesafishia hivyo matundu ya bolti za betri, za bampa na za kava la injini.

"Tapu huvunjwa na mtu mwenye nguvu"

Huvunjwa zaidi na tundu dogo, na tapu iliyoingia kombo. Hesabu ya tundu ni rahisi: toa pichi kwenye unene wa bolti. Kwa 8x1.25 unapata 6.75, na drili inayouzwa ni ya 6.8. Kwa 10x1.25 ni 8.75, drili ya 8.8. Ukitoboa kwa jicho, utavunja. Zungusha nusu mzunguko mbele, rudi robo nyuma ili chenga zikatike. Aluminiamu inapenda mafuta ya taa, chuma cha pua na cha kawaida kinataka mafuta mazito ya kukatia, na chuma cha kumimina huchongwa kikavu.

Hapa ndipo linapoingia suala la aina ya chuma. Wauzaji husifu tapu za HSS, chuma kigumu cha kukatia vyuma vingine, na ni kweli ni imara na hukata safi. Ila ikikuvunjikia ndani ya silinda hedi, drili ya kawaida haiigusi. Za chuma cha kaboni hubaki zikitosha kwa kusafisha kwa mkono. Mimi fedha ya boksi kubwa ningeigawa: HSS tano nzuri, moja moja, na mkono wa kushikia usiotetereka.

"Chukua la inchi na milimita, litakusaidia siku moja"

Kusini hii imeona mitambo ya inchi. Mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulifika Nachingwea, na bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili yake. Mwenye Land Rover ya miaka hiyo kweli anahitaji inchi, tena achunguze zaidi: meno ya Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyeweka kipimo chake 1841, yana pembe ya digrii 55, ya milimita ni 60. Wewe wa Vitz nusu ya boksi hilo umemnunulia mwingine. Kipo kimoja tu cha kushangaza: swichi ya presha ya oili kwenye injini nyingi za Kijapani ina thredi ya bomba ya inchi 1/8, iliyochongoka. Usiisogelee na tapu ya milimita.

Zangu tano nimezifunga kitambaa chenye grisi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Za boksi la kwanza, zile za 10 na 12 zenye pichi ya kawaida, nilimpa fundi madirisha wa mtaani. Amezifurahia sana.