"Wazee hawataki teknolojia" na mengine ninayoyasikia kila muhula

Muhula huu wameshafika watatu. Mwanafunzi wa uzamivu anaingia ofisini, anaweka mezani bangili ya kutambua mtu akianguka, na kabla sijaishika anasema: "Kifaa chenyewe hakina shida, Dokta. Shida ni wazee wetu, wanaogopa teknolojia."

Nawafundisha vijana hawa ujasiriamali wa teknolojia, upande wa bidhaa za wazee, na sentensi hiyo imenichosha. Wa mwisho kuitamka nilimpakia garini hadi Mbagala, kwa bibi ambaye mwanafunzi huyo alikuwa amemwachia bangili wiki tatu nyuma. Tulimkuta kaweka simu sikioni, anasikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mjukuu wake aliyeko Muscat, anacheka peke yake. Bangili ilikuwa kabatini, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga.

"Mwanangu, nikivaa hiki majirani watasema nimeshaanza kuumwa."

Huyo ndiye anayeogopa teknolojia?

Tulimwomba aivae, tukabonyeza kitufe cha dharura. Ikalia. Nilisikia mimi, akasikia mwanafunzi, hata mtoto aliyekuwa akicheza mlangoni akageuka. Bibi alibaki anatutazama, anasubiri. Vile vipaza sauti vidogo vya bei chee hulia kwa sauti nyembamba, kama 3,000 hadi 4,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), na usikivu unaopungua kwa umri huanzia hukohuko kwenye sauti nyembamba. Kanuni ya Marekani ya ving'ora vya moto, NFPA 72, inataka mlio mzito wa 520 Hz kwenye vyumba vya kulala vya hoteli, kwa kuwa huo huwaamsha hata wenye usikivu hafifu. Kioo nacho kilikuwa na maandishi ya bluu juu ya kijivu, wakati lenzi ya jicho huwa ya njano kadiri umri unavyokwenda na bluu hufifia. Na kidole kikavu cha mzee kioo cha kugusa hakikitambui vizuri. Bibi aligusa mara nne. Mara ya tano alimrudishia mwenyewe.

Ushauri wangu ni uleule ninaoutoa mpaka wananikwepa kwenye korido: kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, kaa na mzee mmoja Jumamosi nzima, kifaa kikiwa mkononi mwake na mdomo wako umefungwa. Hojaji usiniletee. Mzee wa Kiswahili ukimuuliza kama kifaa ni kizuri atakujibu "kizuri sana, mwanangu", maana wewe ni mgeni na umekuja na sukari. Halafu unakwenda kuandika kwenye tasnifu kwamba watumiaji wameridhika.

"Japani wamefanikiwa kwa roboti." Hapana. Japani ina bima ya matunzo ya wazee tangu Aprili 2000, watu huichangia kuanzia umri wa miaka 40, na mzee anayehitaji kitanda cha kuinuka au kiti cha magurudumu hukikodi, wengi wakilipa asilimia 10 tu ya gharama. Roboti dubu Robear, aliyeonyeshwa na taasisi ya Riken mwaka 2015 akimbeba mtu, alibaki mradi wa utafiti. Ukitaka mfano wa maabara iliyozaa kampuni, mtazame Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba. Alianzisha Cyberdyne mwaka 2004 kwa ajili ya HAL, vazi la roboti la kumsaidia mtu kutembea, na bima ya afya ya Japani ilianza kulipia matibabu yake kwa baadhi ya magonjwa ya neva na misuli mwaka 2016. Miaka 12. Wewe mpango wako wa biashara umeandika miezi 18, na mlipaji hujamtaja.

"Nichapishe makala kwanza, hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) itafuata." Kwa Ulaya umeshajifungia mlango, maana kilichokwisha kutangazwa hakihesabiki tena kuwa kipya. Japani na Marekani zinakupa miezi 12 ya huruma tangu ulipotangaza, uwe umeomba hataza. Peleka maombi, ndipo upande jukwaani.

"Kwetu mzee anatunzwa na familia, kwa hiyo soko hakuna." Familia ndiyo soko lenyewe! Mjukuu wa Muscat ndiye atakayelipa, na hana haja na grafu za mwendo wa bibi yake. Tulimuuliza bibi, mjukuu huwa anauliza nini kwenye zile sauti. Kila siku ni moja: bibi, umemeza dawa za presha?

Juzi mwanafunzi amerudi. Mlio ameushusha uwe mzito, kioo amekitoa kabisa, na bangili imekuwa kidani cha kuvaa ndani ya nguo, kinachokumbusha dawa asubuhi na jioni. Bibi amekivaa siku sita. Anasema kizito.