Wepesi wa Nini? Maneno ya Kiingereza Yanayowaponza Waombaji wa Kazi

Katika miezi ya karibuni dirisha letu la tafsiri limepokea malalamiko mengi kutoka kwa waombaji wa kazi ambao barua zao za utambulisho zimetiliwa shaka na waajiri wa nje ya nchi. Tulipoyachunguza tuliona kwamba mengi yanahusu neno moja la Kiswahili, yaani "mwepesi", pamoja na ukoo mzima wa maneno ya Kiingereza ambayo wananchi huyatumia kana kwamba ni neno moja lenye tahajia tofauti.

Muuguzi mmoja alituletea barua ya mganga mfawidhi wa zahanati aliyokuwa akifanyia kazi. Barua ilimsifu kuwa "ana mkono mwepesi", sifa ambayo mama yeyote aliyewahi kupeleka mtoto chanjo anaielewa: sindano yake haiumi. Kabla ya kufika kwetu alikuwa ameipeleka kwenye steshenari, na huko sifa hiyo ikaandikwa "light-fingered". Ukitafsiri neno kwa neno huoni kosa, kwa sababu "light" ni -epesi na "finger" ni kidole. Kwa Mwingereza, hata hivyo, mtu wa vidole vyepesi ni mdokozi, na muuguzi huyu alikuwa anaomba kazi ya kuwatunza wazee ndani ya nyumba zao.

Neno ambalo lingemfaa ni "deft". Huu ni wepesi ulio mkononi na uliochanganyika na ustadi, kama wa fundi cherehani anayetunga uzi bila kukodoa macho, au wa muuguzi anayeupata mshipa mara ya kwanza. "Dexterous" liko jirani nalo, lakini ni rasmi zaidi. Limetokana na neno la Kilatini la upande wa kulia, na hufaa katika ripoti ya daktari au sifa ya fundi saa. "Nimble" huenda kwa vidole, kwa miguu na hata kwa akili, nalo hudokeza miendo midogo ya haraka, kama ya mbuzi juu ya majabali. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kuchukua, kwa hiyo hapo mwanzo lilimhusu mtu ambaye sisi tungemwita mwepesi wa kushika. "Agile" ni la mwili mzima unaogeuka ghafla bila kuyumba, kama winga anayemwacha beki akiwa amekaa chini. "Lithe" halina haraka yoyote ndani yake, maana husifu mwili unaonyumbuka, na mtu anaweza kuwa hivyo hata akiwa ameketi. Ukiliweka katika barua ya muuguzi utakuwa umeusifia mwili wake kwa mwajiri, na sidhani kama hilo ndilo mganga mfawidhi alilokusudia.

"Spry" huwaponza vijana zaidi. Kwa kawaida Waingereza humsifia nalo mzee ambaye bado ni mkakamavu, anayepanda ngazi bila kushika ukuta. Kijana wa miaka 24 anayejiita hivyo katika wasifu wake atachekwa.

Tunaomba ieleweke, na tumeshalisema hili mara nyingi, kwamba kamusi kuyapanga maneno kadhaa mbele ya kidahizo kimoja, yaani neno linalofafanuliwa, hakumruhusu mtu kuchota lolote limpendezalo. Wala si kweli kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa kina "mwepesi" tu. Mzungumzaji wetu hasemi "mwepesi" akaishia hapo, bali husema mwepesi wa kushika, wa kusahau, wa hasira, wa machozi, na asipolitaja jambo lenyewe ataulizwa: wa nini? Kiingereza kimelificha jibu la swali hilo ndani ya neno lenyewe, na mfasiri asiyeuliza hawezi kulipata.

Hata maneno yanayoonekana mepesi yana historia yake. "Quick" zamani lilimaanisha hai, ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "the quick and the dead" pale ambapo yetu inasema walio hai na waliokufa. "Fast" lilimaanisha imara, maana ambayo bado ipo kwenye vitambaa: kitenge kilichoandikwa "fast colour" hakichuji. Nimewahi kuelezwa kinyume chake na muuza vitenge, kwa uhakika mkubwa.

Sasa kuhusu utaratibu. Mteja alete barua halisi pamoja na nakala, ataje kazi anayoiomba, na asome rasimu ya tafsiri yote, kila mstari, kabla mhuri haujagongwa. Msisitizo huu una sababu. "Deft" na "daft" vinatofautiana kwa herufi moja, na kwa asili vilikuwa neno moja, lakini leo la pili ni mpumbavu. Mteja mmoja aligundua kosa hilo akiwa nyumbani, akaifuta herufi kwa wembe na kuandika nyingine kwa kalamu. Nia yake ilikuwa njema, hilo hatulitilii shaka. Hata hivyo, hati iliyogongwa mhuri haiguswi na mteja, hata kwa nukta. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka 7. Anayeitumia hati ya namna hiyo huku akijua pia anatenda kosa. Iwapo nia hiyo ilikuwepo ni jambo la mahakama, si letu. Letu ni kwamba hati iliyokwanguliwa hatuithibitishi, na mteja huanza upya: maombi mapya, rasimu mpya, mhuri mpya, na ile ya zamani inabaki kwetu ikiwa imefutwa.

Anayeleta barua yenye sifa ya wepesi ataulizwa dirishani ni wepesi wa nini. Asipojua, atatakiwa arudi kwa aliyeiandika. Muuguzi wetu hakuhitaji kurudi, kwa sababu alipoulizwa alinyoosha mkono na kuonyesha kwa vidole viwili jinsi anavyoshika sindano.