Nilifuata matumbawe, nikakutana na kikande

Mwanafunzi wa bahari mwenye posho ndogo hula samaki aitwaye kikande. Nilipopanga chumba Vipingo, pwani ya Kenya, kuanza utafiti, changu na tafi walikuwa wakinunuliwa hata kabla ngalawa haijakauka, kikande akibaki mchangani. Ngozi yake ngumu kama ya kiatu, na lazima achunwe kabla ya kuingia chunguni. Mama mwenye nyumba alijua kumchuna, akampika kwa nazi. Msimu mzima nilikula hivyo usiku, na mchana nikashinda majini kutafuta kinachoumaliza mwamba wetu wa matumbawe.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Maji yakipwa unaingia na utepe wa mita 10, unaulaza juu ya mwamba ukifuata kila bonde na kila kinundu, kisha unasoma sentimita kwa sentimita kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Unaandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, mawimbi yakikusukuma huku na kule. Ukimaliza, unahesabu viumbe wa miiba, wanaoitwa sea urchin kwa Kiingereza, wale ambao ukiwakanyaga utashinda umepakwa utomvu wa papai bichi. Kule Vipingo viumbe hao walijaa kila tundu, hasa wale wadogo wanaojichimbia jiweni. Ndani ya hifadhi ya Malindi, iliyolindwa tangu 1968, nililazimika kuwatafuta.

Mimi nilikwisha kuandika rasimu ya kulaumu tope la mvua. Mwalimu wangu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: nani huwala hao wa miiba?

Jibu lilikuwa limeshatafutwa. Mwaka 1989 watafiti wa bahari Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walichapisha utafiti wao wa nani huwawinda viumbe hawa katika miamba ya Kenya. Njia inayotumika ni rahisi hata inachekesha. Unamtoboa mmoja kwa sindano, unampitisha mshipi, unamfunga mwambani, unaondoka. Baada ya saa 24 unarudi kuangalia. Ndani ya hifadhi unakuta mshipi mtupu, au gamba lililovunjwa. Nje, ulikomwacha ndiko alipo, anatafuna mwani kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Mlaji mkuu ni kikande wa mistari ya rangi ya chungwa. Humshika kiumbe huyo kwa miiba yake, akambeba, akampindua hadi upande wa chini wenye mdomo, ambako miiba ni mifupi, na kumvunja kwa meno. Usiku hujibana kwenye ufa na kusimamisha mwiba wa mgongoni. Mwiba wa pili huukaza ule wa kwanza, na usipoubonyeza huo wa pili, kumtoa humwezi. Dhidi ya papa ni ulinzi mzuri. Dhidi ya malema, mitego ya wavuvi, haufai kitu, maana huingia mwenyewe akifuata chambo.

Wakivuliwa vikande, wa miiba huongezeka. Wakiwa wachache si wabaya, hupunguza mwani usiyafunike matumbawe machanga. Wakizidi, meno yao matano hukwangua mwani pamoja na jiwe lenyewe, na mwamba husagwa kuwa mchanga haraka kuliko matumbawe yanavyoujenga. Pono na kangaja nao hukosa malisho. Ukifunga eneo leo usitegemee kikande kesho. Hurudi polepole sana, kwa hesabu ya miongo, si misimu.

Nisieleweke kwamba nauza dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1998, kaskazi ilipokuwa inaisha, bahari ilipata joto matumbawe yakawatema mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yao na kuwalisha sukari. Bila hao, nyama hubaki kama kioo na unaona mfupa mweupe chini yake. Joto likiendelea kwa wiki kadhaa, tumbawe hufa njaa. Hifadhi hazikupona, ndani yake ndimo yalimokuwa mengi ya matawi, yasiyovumilia joto, na hasara ikawa kubwa. Mwaka 2024 tumeona tena weupe ule, kuanzia Tanzania hadi Ushelisheli. Askari wa hifadhi hawezi kulikamata joto. Ila baada ya kifo, ni muhimu sana kujua kama kuna jeshi la miiba linalosubiri kusaga mabaki, au kuna jiwe imara ambalo kitoto cha tumbawe kinaweza kushika.

Rasimu ya tope niliitupa. Jioni ile nikanunua kikande, nikamweka juu ya meza ya jikoni na kumpasua tumbo kwa kisu cha vitunguu, nikawa napanga vipande vya magamba na miiba kwenye sahani. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na mbuzi ya kukunia nazi mkononi, akatazama kwa muda.

“Sasa, mwanangu,” akasema, “huyu tumle au tumwandike?”